Msimu wa 2016/17: Jinsi Kanda ya Ziwa ilivyoamua nani bingwa na nani anashuka

Jumamosi ya Mei 20, 2017, Mbao FC iliifunga Yanga bao 1-0 katika uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Filimbi ya mwisho ilipopigwa, Mbao walishangilia kubaki Ligi Kuu. Yanga nao, waliofungwa, wakashangilia ubingwa.

Msikilizaji aliyefungulia redio dakika hiyo angedhani amesikia vibaya. Inakuwaje timu ifungwe na bado iwe bingwa? Na kwa nini timu nyingine ya Mwanza, Toto Africans, ilishuka daraja msimu huohuo ambao jirani yake aliwafunga mabingwa? Majibu yapo kwenye kanuni za ligi, na msimu ule wa 2016/17 ni mfano mzuri wa kuzieleza, kwa sababu karibu kila kanuni inayozua ubishi vijiweni ilijitokeza, na nyingi kati ya hizo zilijitokeza hukuhuku kandokando ya ziwa.

Mbao ilifikaje Ligi Kuu?

Tuanze mwaka mmoja nyuma. Mbao, kama jina linavyosema, ni timu iliyotokana na watu wa biashara ya mbao jijini Mwanza. Msimu wa 2015/16 ilikuwa Ligi Daraja la Kwanza, ngazi ambayo siku hizi inaitwa Championship. Wakati huo daraja hilo liligawanywa katika makundi matatu, na kila kundi lilitoa timu moja tu ya kupanda.

Katika Kundi C, Mbao haikumaliza kileleni. Waliokuwa wakigombea nafasi ile moja ni Geita Gold na Polisi Tabora. Siku ya mwisho Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa mabao 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro mabao 7-0. Mtu yeyote aliyewahi kucheza mpira, hata ule wa chandimu, akisikia timu mbili zinazokimbizana zimepata mabao 15 kwa siku moja, atauliza kulikoni. Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, nalo liliuliza. Aprili 2016 timu zote nne ziliadhibiwa kwa upangaji wa matokeo na kushushwa daraja, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao.

Kwa nini watu wahangaikie mabao manane wakati ushindi wa 1-0 unatoa pointi tatu zilezile? Hapo ndipo inapoingia tofauti ya magoli.

Tofauti ya magoli ni nini hasa?

Timu ikishinda inapata pointi 3, ikitoka sare inapata 1, ikifungwa haipati kitu. Mwisho wa msimu timu mbili zikiwa na pointi sawa, hutazamwa mabao. Chukua mabao yote timu iliyofunga msimu mzima, toa yale iliyofungwa. Kilichobaki ndiyo tofauti ya magoli. Aliyefunga 40 na kufungwa 25 ana 15. Aliyefunga 30 na kufungwa 12 ana 18, kwa hiyo yuko juu, ingawa alifunga mabao machache zaidi.

Ndiyo maana timu makini ikiwa inaongoza 3-0 dakika ya 80 huwa haikubali kulegeza. Oktoba 22, 2016 Yanga ilikwenda Bukoba na kuifunga Kagera Sugar mabao 6-2 pale Kaitaba. Siku ile mashabiki wengi walihesabu pointi tatu na mjadala ukaishia hapo. Lakini mechi ile moja iliiongezea Yanga manne kwenye tofauti ya magoli, na miezi saba baadaye akiba hiyo ikawa na kazi.

Msimu ulikwisha Yanga ina pointi 68 na Simba ina pointi 68. Yanga ikachukua ubingwa kwa tofauti ya magoli, ukiwa ni wa tatu mfululizo.

Sasa ile siku ya Kirumba inaeleweka. Yanga ilikuwa imezipata pointi zake 68 tangu Mei 16, ilipoifunga Toto Africans 1-0 jijini Dar es Salaam. Simba, ikiwa na 65 na mechi moja mkononi, ingeweza kuifikia tu, isiweze kuipita kwa pointi. Kwa magoli ilikuwa nyuma sana. Kwa hiyo Yanga ilikuja Mwanza ikijua kwamba kufungwa bao moja hakuwezi kuinyang'anya kombe. Mbao haikuwa na starehe hiyo. Ilikuwa bado iko kwenye hatari ya kushuka.

Aprili ya Simba kandokando ya ziwa

Ukimuuliza shabiki wa Simba ubingwa wa 2017 ulipotelea wapi, huenda akakutajia mechi za watani. Mwandishi wa makala hii anaona ulipotelea kati ya Bukoba na Mwanza, ndani ya wiki mbili za Aprili.

Aprili 2 Simba ilifungwa 2-1 na Kagera Sugar huko Kaitaba. Aprili 10 ikaja Kirumba kucheza na Mbao, na mpaka zimebaki kama dakika kumi ilikuwa imefungwa 2-0. Ikasawazisha, kisha katika dakika za nyongeza ikapata la tatu na kuondoka na ushindi wa 3-2. Watu waliokwisha kuondoka uwanjani walipata habari wakiwa kwenye daladala. Aprili 15, uwanja uleule, Toto Africans ikaibana Simba na kutoka nayo sare ya 0-0.

Mechi tatu, pointi zilizokuwa zikigombewa 9, Simba ikapata 4. Ilipoteza 5. Mwisho wa msimu pointi moja tu kati ya hizo tano ingetosha kuifanya bingwa bila kuhesabu magoli.

Hili ndilo linalosahaulika tunapozungumza habari za ligi. Pointi tatu za Kaitaba zina uzito sawasawa na pointi tatu za mechi ya Simba na Yanga mbele ya umati wa Dar es Salaam. Toto, timu iliyokuwa inaelekea kushuka, ilikuwa na mkono wake kwenye ubingwa wa nchi. Na hapo kuna utani wake, maana Toto tangu zamani watu huiita mtoto wa Yanga, kwa jina lake na kwa mapenzi ya mashabiki wake wengi. Mtoto akamsaidia mzazi mwezi Aprili, na mwezi Mei mzazi akamfunga mtoto 1-0 na kumsogeza karibu na shimo.

Sakata la kadi tatu za njano

Mechi ile ya Kaitaba haikuishia uwanjani. Simba ililalamika kwamba beki mmoja wa Kagera alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kanuni inasema mchezaji akifikisha kadi tatu za njano katika mechi tofauti, anakosa mechi moja inayofuata. Timu ikimchezesha mchezaji asiyestahili, inaweza kupokonywa ushindi, na mpinzani akapewa pointi tatu na mabao matatu.

Malalamiko ya aina hii husikilizwa kwanza na kamati inayosimamia uendeshaji wa ligi. Mashabiki wameizoea kwa jina la Kamati ya Saa 72, kwa kuwa inapaswa kukaa ndani ya siku tatu baada ya mechi yenye utata. Katikati ya Aprili kamati hiyo iliipa Simba pointi tatu. Kagera ikapinga. Kabla mwezi haujaisha, kamati nyingine ya TFF, ile ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji, ikaurudisha ushindi kwa Kagera kwa maelezo kwamba malalamiko ya Simba hayakufuata utaratibu. Simba ikasema itakwenda mpaka FIFA, lakini msimamo wa ligi haukubadilika.

Piga hesabu mwenyewe. Simba ikiwa na pointi tatu zile ingemaliza na 71, Yanga 68. Ubingwa mzima wa Tanzania Bara ulining'inia kwenye swali la kama beki mmoja wa Bukoba alikuwa na kadi mbili au tatu, na kama barua ya malalamiko ilifuata njia sahihi.

Kiongozi wa timu ya kata au kijiji anayesoma haya kwenye simu asidhani ni mambo ya wakubwa tu. Ligi za wilaya nazo zina kadi, zina leseni za wachezaji, zina muda wa kukata rufaa na ada yake. Daftari la timu linaloandika kila kadi, na la nani, na katika mechi ipi, ni mali kama jezi. Ukitaka kukata rufaa, soma kanuni za mashindano yenu kabla msimu haujaanza ujue una saa ngapi, unalipa kiasi gani na unampelekea nani. Haki yako inaweza kuwa wazi kabisa na bado ukaikosa kwa kuchelewa.

Kushuka daraja: siku ya mwisho

Ligi Kuu msimu ule ilikuwa na timu 16, kila moja ikicheza mechi 30, yaani mara mbili na kila mpinzani, nyumbani na ugenini. Timu tatu za chini zilishuka moja kwa moja. JKT Ruvu ilishuka. African Lyon ilishuka. Ya tatu ikawa Toto Africans.

Mbao ilijiokoa kwa bao lile moja dhidi ya Yanga. Kocha wake alikuwa Etienne Ndayiragije kutoka Burundi, ambaye baadaye alikuja kuifundisha Taifa Stars, na kikosi chake hakikuwa na majina makubwa. Lakini kilikuwa kimekwisha kuionja Yanga. Aprili 30, hapohapo Kirumba, kiliifunga Yanga 1-0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam.

Kombe lina njia yake tofauti na ligi. Hakuna kukusanya pointi, ukifungwa unarudi nyumbani. Ndiyo maana timu inayohangaika mkiani mwa ligi inaweza kufika fainali, na bingwa wa kombe huiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika. Fainali ilichezwa Mei 27 katika uwanja wa Jamhuri, Dodoma. Mbao na Simba zilikwenda mpaka muda wa nyongeza, na Simba ikashinda 2-1. Kwa hiyo ndani ya siku nane, timu iliyopanda kwa mlango wa nyuma ilinusurika kushuka, kisha ikabaki dakika chache tu kufika mashindano ya Afrika.

Kufika huko nako kuna gharama zake. Biashara United ya Mara ilifika Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2021. Iliitoa Dikhil ya Djibouti, ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 jijini Dar es Salaam, na kisha haikufika Libya kucheza mechi ya marudiano. Ikatolewa mashindanoni. Mwisho wa msimu huohuo, 2021/22, ikashuka kutoka Ligi Kuu.

Kwa nini hazidumu?

Msikilizaji wa Kanda ya Ziwa anaijua hadithi hii kwa majina. Pamba, TP Lindanda, iliyotikisa nchi na kucheza mashindano ya Afrika, ilishuka mwaka 2001 na kukaa nje miaka 23. Toto ilishuka 2017. Msimu wa 2018/19 Mwanza ilikuwa na timu mbili, Mbao na Alliance, na ukihesabu Biashara, Kagera Sugar, Mwadui na Stand United za Shinyanga, kanda nzima ilikuwa na timu sita kati ya 20. Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa 2019/20, Alliance ikashuka moja kwa moja na Mbao ikashuka kwa mchujo. Gwambina ya Misungwi, yenye uwanja wake yenyewe, ikapanda badala yao, ikacheza msimu mmoja tu wa 2020/21, ikashuka. Geita Gold ilipanda, ikamaliza ya nne msimu wake wa kwanza, 2021/22, na kumtoa mfungaji bora wa ligi, George Mpole, mwenye mabao 17. Miaka miwili baadaye ikashuka. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Kagera Sugar, iliyokuwa imekaa Ligi Kuu kwa takribani miaka ishirini.

Sababu ya kwanza ni barabara. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Timu ya Dar es Salaam hucheza mechi kadhaa za ugenini bila hata kuvuka mkoa, wachezaji wanalala kwao. Timu ya Mwanza ikienda ugenini mara kumi na tano, karibu kila mara inahitaji basi, hoteli, chakula cha watu zaidi ya ishirini, na wachezaji wanaoshuka garini miguu imevimba.

Ya pili ni fedha za mlangoni. Kirumba hujaa zikija Simba na Yanga. Mechi nyingine watu ni wachache, hata kama timu mwenyeji ni ya hapahapa. Tusisingizie viongozi peke yao kwa hili. Wengi wetu tuna timu ya Kariakoo moyoni kwanza na ya nyumbani baadaye, na timu ya nyumbani hailipi mishahara kwa mechi mbili za mwaka.

Ya tatu ni mwenye timu. Nyingi husimama juu ya mtu mmoja, kampuni moja au ofisi moja, na huyo akichoka hakuna wa kupokea. Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu yenyewe ilichezwa bila mdhamini mkuu, timu zikiwa 20 na mechi 38 kwa kila timu, mechi nane zaidi ya wakati wa 16. Timu ndogo zilibeba mzigo huo kwa mifuko yake. Mambo yalipata nafuu baadaye, hasa mwaka 2021 TFF ilipoingia mkataba wa haki za matangazo na Azam wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, lakini wakati huo Mbao na Alliance zilikuwa zimekwisha kushuka.

Mchujo unachezwaje?

Tumetaja kwamba Mbao ilishuka kwa mchujo, na neno hili huwachanganya wengi. Mchujo ni mechi mbili, nyumbani na ugenini, kati ya timu ya Ligi Kuu iliyoponea kushuka moja kwa moja na timu ya daraja la chini iliyokosa kidogo kupanda. Mwaka 2020 Mbao ilipangiwa Ihefu ya Mbarali, Mbeya. Kwenye mechi ya kwanza Mbao ilifungwa 2-0 ugenini. Iliporudi Mwanza ikashinda 4-2. Jumla ni 4-4. Lakini Ihefu ilikuwa na mabao mawili ya ugenini na Mbao haikuwa na hata moja, na kwa kanuni iliyotumika bao la ugenini lilihesabiwa kuwa na uzito zaidi. Mbao ikashuka siku iliyoshinda kwa mabao manne.

Siku hizi Ligi Kuu imerudi kuwa na timu 16. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 zinacheza zenyewe kwa zenyewe, na itakayopoteza inakutana na timu ya Championship iliyofika mchujo. Mwaka 2025 Stand United ilifika hatua hiyo na ikazuiwa na Fountain Gate. Timu mbili za juu za Championship zinapanda bila mchujo. Ndivyo ilivyorudi Pamba, sasa ikiitwa Pamba Jiji na ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Ilimaliza ya pili nyuma ya KenGold msimu wa 2023/24 na kuanza Ligi Kuu Agosti 2024. KenGold iliyomaliza juu yake ilishuka baada ya msimu mmoja. Pamba ilibaki.

Chini ya Championship kuna First League, ambayo zamani ilikuwa Ligi Daraja la Pili. Chini yake ni Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, inayokutanisha washindi wa ligi za mikoa, na ligi ya mkoa wa Mwanza huanzia wilayani, iwe Ukerewe, Sengerema, Magu, Kwimba, Misungwi, Ilemela au Nyamagana. Timu ya kisiwani Ukerewe ikishinda kila ngazi bila kukwama, inahitaji si chini ya misimu mitatu tangu kuwa bingwa wa mkoa hadi kuanza kucheza na Simba na Yanga. Mbao, Toto na Alliance zipo kwenye ngazi za chini za safari hiyohiyo, na msimu wa 2025/26 umeanza Pamba ikiwa timu pekee ya Ligi Kuu katika mikoa yote inayopakana na ziwa upande wa Tanzania.